Waliandika Nini Juu Yangu?

Ukitoka Nyeri mjini kuelekea Ruring'u, mwendo wa kilomita chache tu, utakuta jumba la zamani ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Nyeri. Wengi hulipita bila kugeuza shingo. Ruring'u hujulikana zaidi kwa uwanja wake, kwa sababu hapo ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokuja Desemba 1963, walipotoka msituni baada ya uhuru. Jumba lile lina historia ya kimya zaidi. Wakati wa ukoloni lilikuwa mahakama ya Waafrika, mahali pa kusikilizia kesi za mila.

Sitaipamba mahakama hiyo. Ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na wazee waliokaa kitini waliidhinishwa na serikali hiyo hiyo. Lakini mtu akiingia pale alisikia anachodaiwa, akasema lake, na akishindwa aliambiwa ameshindwa. Asiporidhika, palikuwa na njia ya rufaa hadi kwa mkuu wa wilaya. Haki ilikuwa nusu, ila ilisemwa kwa sauti.

Aliyetafuta kazi miaka hiyo hakupata hata nusu hiyo. Yeye alikuwa na kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa. Karatasi yake ilibeba jina, kabila, alama za vidole, na historia yake yote ya kazi: ameajiriwa na nani, lini, kwa mshahara gani, ameachishwa lini. Karatasi ilikunjwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ukikutwa bila hicho kikebe, ni faini au jela. Na huwezi kuacha kazi hivi hivi tu. Lazima mwajiri aweke sahihi kwamba amekuachilia. Asipoweka, ukiondoka wewe ni mtoro.

Hesabu ya kitu hiki ni rahisi. Mzungu mmoja anaandika, Mzungu wa pili anasoma, na anayebeba maandishi hayo kifuani hajui yanasema nini.

Cucu yangu husimulia kwamba guka alitembea na kikebe chake miaka kadhaa, akiomba kazi katika mashamba ya upande wa Nanyuki, na kila mara msimamizi alikuwa akisoma, akimtazama, kisha akitikisa kichwa. Mwishowe kijana mmoja aliyekuwa amesoma shule ya misheni akamsomea. Mwajiri wa kwanza alikuwa ameandika neno moja tu la Kiingereza. Mvivu. "Hakuwa mvivu," cucu husema. "Alikuwa ameuliza mshahara wake wa mwezi mzima."

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianzisha chama Nairobi, na miongoni mwa malalamiko yao makuu yalikuwa kipande, kodi, na hatua ya walowezi ya kupunguza mishahara ya Waafrika. Thuku akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi huo umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na polisi wakafyatua risasi. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume aibu kwa woga wao, alikuwa kati ya waliouawa.

Mwaka huo huo wa 1921, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na kelele nyingine kuhusu kazi. Thomas Edison, yule wa taa, alikuwa akiwapa vijana waliotaka kazi kwake mtihani wa maswali zaidi ya 100. Ufaransa imepakana na nchi zipi? Mambo ya namna hiyo, kwa mtu anayetafuta kazi kiwandani. Maswali yakavuja magazetini, Wamarekani wakayacheka na kuyabishania. Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Marekani, aliulizwa kasi ya sauti ni kiasi gani. Akajibu kwamba hakariri vitu vinavyopatikana kitabuni.

Ninaiweka miaka hii bega kwa bega kwa sababu mambo yanayompata mwombaji kazi wa kompyuta leo yana baba wawili. Mtihani tumeurithi kwa Edison. Ukimya tumeurithi kwa mtu mwingine.

Mtihani wenyewe umekuwa mbishi kufa. Kampuni za teknolojia zilipenda sana mafumbo: mipira mingapi ya gofu inaweza kujaa ndani ya ndege? Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyesimamia wafanyakazi wa Google, alikiri gazetini kwamba mafumbo hayo yalikuwa kupoteza muda na hayaonyeshi nani ataweza kazi. Yakapungua. Mahali pake pakabaki maswali ya darasani yanayojibiwa mbele ya mtu anayekutazama. Mwaka 2015 Max Howell, aliyebuni Homebrew, programu ambayo waandishi wa programu duniani kote huitumia, alisema hadharani kuwa Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kugeuza mti. Mti wenyewe si wa msituni. Ni namna ya kupanga data, ambapo kila kifundo hutoa matawi mawili, nawe unatakiwa kuyabadilisha la kulia liwe la kushoto. Katika kazi za kila siku, wengi wetu hatuombwi kufanya hivyo hata mara moja.

Nami niliombwa. Kampuni yenyewe ni kubwa, ina ofisi nchi nyingi, na si hiyo niliyoitaja. Usaili wangu ulikuwa wa hatua sita. Kwanza fomu. Pili, mtihani uliosahihishwa na mashine, dakika 90, kamera ikinitazama macho nisichungulie pembeni. Tatu, simu ya dada mmoja mcheshi. Nne, kazi ya nyumbani ya wikendi: tengeneza mfumo mdogo wa kulinganisha malipo ya simu. Nilikesha siku mbili hapa Ruring'u, stima ikipotea na kurudi, nikamaliza kwa bando la simu. Tano na sita zilikuwa siku moja, wasaili watatu mfululizo. Wa mwisho hakuwasha kamera. Nilisikia uma ukigonga sahani. Akasema, geuza mti.

Nikaugeuza. Akasema sawa, akaaga.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika programu ya mizani kwa kiwanda cha kahawa cha ushirika huku kwetu. Mkulima analeta kahawa mbivu, karani anapima, na kilo zinamfikia mkulima kwa ujumbe kabla hajafika nyumbani, hata kama simu yake ni mulika mwizi. Magomvi ya kilo yamepungua. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeuliza habari zake, na ilikuwa mstari wa kwanza wa wasifu wangu.

Wiki sita kimya. Kisha usiku mmoja ikaja baruapepe kutoka anwani isiyopokea majibu: asante kwa kuonyesha nia, tumeamua kuendelea na waombaji wengine. Nikamtafuta yule dada wa simu, nikamuuliza sababu. Akanijibu kwa upole kwamba ni sera yao kutotoa maelezo.

Jamani, kukataliwa si dhambi. Nafasi moja, watu mia, lazima wengi warudi nyumbani. Kilichonikera ni kwamba mahali fulani kuna faili lenye jina langu, watu watatu wameandika humo, na nikiomba tena mwakani litafunguliwa na kusomwa. Guka angalau alikuwa na kikebe mkononi. Angeweza kumtafuta kijana wa misheni.

Basi nikaisoma sheria. Kipande kiliondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na walowezi walipoambiwa nao watoe alama za vidole, wakalalamika kwamba wanadhalilishwa. Kumbe walijua uchungu wake. Leo Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti kinachosema alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini. Haimlazimishi kuandika maoni juu ya tabia ya mtu. Nikisoma kifungu hicho huona kama kimeandikwa na mtu anayekumbuka kikebe.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inampa mtu haki ya kuona data zake, haki ya kuomba zilizokosewa zirekebishwe, na haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Inazigusa pia kampuni za nje zinazoshughulikia data za watu walioko Kenya. Sheria iko kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuisoma. Nikaandika barua ya nusu ukurasa, nikataja sheria, nikaomba faili langu.

Lilikuja baada ya kukumbushwa mara mbili. Ukurasa mmoja. Alama nne, tatu kati yake nzuri. Chini yake sentensi ya yule wa sahani: "Uzoefu wake ni wa miradi midogo ya mashinani tu."

Nilimsomea cucu kwa Kikuyu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wewe umesoma. Umewajibu?"

Nimewajibu. Sikuomba kazi. Niliomba, kwa haki ya kurekebisha, kwamba kando ya sentensi hiyo iongezwe kuwa programu yangu imepima kahawa ya mamia ya wakulima kwa misimu mitatu bila kupoteza risiti moja, na kwamba msaili hakuuliza swali lolote juu yake. Nimeweka na nambari ya simu ya kiwanda, wakitaka kuthibitisha. Karani wa mizani amesema wakipiga atapokea, ila wasipige asubuhi, kwa sababu asubuhi kuna foleni.