Kupe wa Benning Road na Mtamba wa Nyumbani

Wengi wetu hapa Washington tunapita Benning Road kwa basi au kwa gari, tukiwahi kazini. Katika miaka ya 1880 upande ule ulikuwa mashamba, na serikali ya Marekani ilikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo huko. Habari za kituo kile zinatuhusu sisi tunaotuma fedha nyumbani kununulia ng'ombe wa maziwa.

Wamarekani walikuwa na tatizo. Ng'ombe wa Texas na majimbo mengine ya kusini walipelekwa kaskazini wakiwa wazima kabisa. Lakini kila walikopita, ng'ombe wenyeji walishikwa na homa, wakakojoa damu na kufa. Wachungaji walisema mchawi ni kupe. Wataalamu wengi waliwacheka.

Mwaka 1889 Theobald Smith na daktari wa mifugo Fred Kilborne, wa Bureau of Animal Industry, walianza kuyapima maneno hayo kwa vitendo. Waliletewa ng'ombe wa kusini wenye kupe. Baadhi waliwaacha na kupe wao. Wengine waliwatoa kupe kwa mkono, mmoja mmoja. Katika uwanja mwingine walitawanya kupe peke yao majanini. Kila mahali wakaweka ng'ombe wa kaskazini. Penye kupe waliugua, pasipo kupe walibaki wazima. Kwa darubini Smith aliona vijidudu ndani ya chembe nyekundu za damu. Ikajulikana pia kwamba kupe jike akishiba huanguka na kutaga, na watoto wake hutoka mayaini wakiwa na vijidudu tayari. Taarifa yao ilitoka mwaka 1893, miaka minne kabla ya Ronald Ross kuonyesha uhusiano wa mbu na malaria.

Kwa nini wale wa kusini hawakufa? Kwa sababu waliambukizwa wangali ndama, umri ambao mwili huustahimili ugonjwa huo, wakabaki na kinga.

Sasa tuvuke bahari. Ugonjwa ule wa kukojoa damu upo kwetu pia, lakini mkali zaidi ni ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikioni. Ilipofika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900, pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu, wakoloni waliiita Homa ya Pwani ya Mashariki.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo yake. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai, na papo hapo hupewa dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Ugonjwa hauwahi kupamba moto, na kinga inabaki. Wafugaji wengi wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania wameipokea. Hata hivyo chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo kuogesha kunabaki palepale. Marekani yenyewe iliogesha ng'ombe wake tangu 1906 hadi 1943 ndipo ikamfukuza kupe yule karibu nchi nzima. Kwetu majosho mengi ya umma yalikufa katika miaka ya 1980 na 1990, serikali zilipopunguza matumizi.

Mtamba wa kisasa tunayemnunua akitoka kwenye shamba lisilo na kupe ni sawa na ng'ombe wa kaskazini aliyekutana na kundi la Texas. Wa kienyeji wanachunga palepale bila shida, yeye anakufa. Kisha simu zinaanza: ndugu amekula fedha, jirani ameroga. Koo ngapi zimevunjika hivyo!

Basi kabla ya kutuma dola za mtamba, tuulize: Josho liko wapi? Amechanjwa ndigana? Nani atanunua dawa kila mwezi? Gharama hizo ni sehemu ya bei ya ng'ombe. Afadhali tuchelewe miezi mitatu tukusanye zote, kuliko kumpeleka mnyama akafe na undugu ufe naye.