Mbuzi na kuku: Faida na hadhari ya kuwafuga katika boma moja

KISERIAN, mji ulio chini ya Milima ya Ngong katika Kaunti ya Kajiado, unajulikana kwa biashara ya mifugo na vichinjio vyake. Kadiri mashamba ya jumuiya yaliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 yalivyogawanywa, malisho ya ng'ombe yalipungua Kajiado. Kwa mwenye kipande kidogo cha ardhi, mbuzi na kuku ni mifugo wa kutegemewa.

Wanyama hawa hufaana. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na mauzo ya kuku hukidhi mahitaji madogo ya nyumbani. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, naye ni akiba ya karo. Mbuzi aina ya Galla, ambaye asili yake ni kaskazini mwa Kenya, huhimili ukame.

Hata hivyo, mabanda yao yatenganishwe. Mbuzi akivamia chakula cha kuku na kukila kwa wingi, nafaka huchacha tumboni na kutoa asidi inayoweza kumuua kwa siku moja au mbili.

Banda la mbuzi liinuliwe, na sakafu ya mbao iachiwe nafasi ili kinyesi kianguke. Kuku wachanjwe dhidi ya kideri kila baada ya miezi mitatu, kwani maradhi hayo huweza kumaliza kundi zima. Mbuzi nao wakingwe na homa ya mapafu. Mnyama aliyenunuliwa sokoni atengwe kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake.