Maji ya Mfongo: Bustani ya Kihamba Wakati wa Kiangazi

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga. Vihamba vimetanda kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nyumba, zizi, migomba, kahawa, mboga na makaburi ya ukoo vyote vimo ndani ya eneo moja, ambalo kwa kawaida halifiki hekta moja na mipaka yake ni mimea ya masale iliyopandwa kwa mstari. Masika ya Machi hadi Mei huloanisha kila kitu, na vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Katikati ya mvua hizo kiangazi huingia mara mbili: kile kirefu, kinachoanza Juni kwa ukungu na baridi ya mlimani na kuishia kwa vumbi la Septemba, na kile kifupi cha joto kali cha Januari na Februari. Bustani ya kihamba hustahimili misimu hiyo miwili kwa sababu ya mfongo.

Mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto kutoka juu, karibu na msitu, na kuyaleta kwenye vihamba kwa mteremko mdogo sana, mara nyingi kwa kuzunguka vilima kwa kilomita kadhaa. Mahali pa kuchepushia, ndani ya korongo, huzibwa kwa mawe, magogo, udongo wa majani na magome ya migomba. Banio la namna hiyo huchukuliwa na mafuriko karibu kila masika, nalo hujengwa upya kila mwaka. Wachimbaji wa kwanza hawakuwa na vifaa vya upimaji. Walitegemea jicho, na mahali pengine waliyaachia maji yenyewe yawaonyeshe njia, wakichimba hatua chache na kungoja kuona kama yanafuata. Johannes Rebmann, mmisionari aliyefika Kilema, Uchagani, akitokea Rabai mwaka 1848, alikuta nchi ya migomba iliyokwisha kukaliwa sana. Harry Johnston, aliyeishi Moshi kwa miezi kadhaa mwaka 1884, aliisifu mifereji hiyo waziwazi, na hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika ovyo.

Mfongo ulikuwa mali ya ukoo wa aliyeuchimba. Mkuu wake, mwenye mfongo, alirithi cheo hicho pamoja na wajibu wa kutambikia kabla ya maji kufunguliwa. Nyumba zilizotaka maji zilitoa watu wa kusafisha na kutengeneza banio, na asiyetoa mtu alitozwa faini, kwa kawaida mbege, au alikosa zamu yake. Mbege yenyewe, pombe ya ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, ndiyo iliyokuwa ujira wa kazi za pamoja. Ugomvi wa zamu ulipelekwa kwa wazee, na ukishindikana ulifika kwa mangi, mtawala wa eneo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Uchagani kwa miongo kadhaa tangu mwanzo wa karne ya 20, aliandika kwa kirefu sheria na mila za Wachaga katika kitabu kilichotoka mwaka 1926. Mila za mfongo zinaonyesha kwamba usawa wa wanyweshaji haukuwa kamili. Aliyekaa juu alipata maji mapema na mengi. Aliyekaa chini alipata yaliyobaki, na kiangazi kikikaza alipata usiku. Ndiyo maana mifongo mingi ina nduwa, bwawa dogo la udongo linalojazwa usiku ili asubuhi maji yatoke kwa nguvu na yafike mbali.

Siku ya zamu, mwenye kihamba huzibua tope kwenye ukingo wa mfereji kwa jembe, akaweka bonge la udongo na magome ya mgomba upande wa pili ili kuyageuza maji. Maji huingia kwenye vijifereji vyembamba, yakazunguka shina la mgomba mmoja hadi mwingine, yakasimama kwenye kishimo kilichojazwa samadi. Hayaachwi yakimbie, maana mteremko ni mkali na udongo mweusi huondoka nayo. Mtu husimama na jembe zamu yote, akifungua huku na kuziba kule, na saa zake zikiisha jirani wa chini huwa ameshafika kingoni anangoja.

Mboga huota katikati ya hayo yote. Mnafu, mboga ya majani, hupenda udongo wa karibu na zizi na mara nyingi huota wenyewe. Hukatwa ncha tu, ukachipua tena baada ya siku chache. Maharage hukaa chini ya migomba, magimbi hukaa kingoni mwa mfongo penye unyevu, na viazi vikuu hupanda juu ya miti. Mringaringa na miti mingine mirefu hutoa kivuli kinachopunguza ukali wa jua. Ng'ombe hufungwa ndani mwaka mzima, na katika kiangazi majani ya kuwalisha hutafutwa mbali, kwenye tambarare, na wanawake wanaopanda mlima na mizigo kichwani. Majani yakikosekana, ng'ombe hukatiwa vipande vya mgomba wenyewe, ambao una maji mengi. Samadi hurudi shambani, na bila samadi hiyo mfongo peke yake usingeilisha bustani.

Kazi ya maji ilikuwa ya wanaume, ya mboga ilikuwa ya wanawake. Chakula cha kila siku na ziada iliyouzwa sokoni vilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba, lakini zamu ya kunywesha iliamuliwa katika vikao asivyohudhuria. Kahawa ilizidisha pengo hilo. Wamisionari waliileta mwishoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1920 ilienea haraka kwa msaada wa Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza. Chama cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, kikafuatwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, na mboga zikabanwa pembeni.

Serikali ya kikoloni ilianza kuitilia shaka mifongo. Ripoti ya Teale na Gillman ya mwaka 1935 ilitaka matumizi ya maji yadhibitiwe na kupangwa upya. Maofisa waliona mifereji ya udongo inavuja mno. Ni kweli inavuja, ila sehemu ya maji hayo huzama kwenye vihamba vya chini na kuvinufaisha. Baada ya uhuru, sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyafanya maji yote kuwa mali ya taifa na kudai kibali cha matumizi, na mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya bonde la Pangani. Vikundi vya mifongo viliendelea kugawana maji kwa zamu zao, vingi bila kibali chochote. Mabomba nayo yaliuondolea mfongo kazi ya maji ya kunywa, na vijana waliohamia mjini waliacha banio bila mikono ya kutosha.

Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wakulima wengi waliitelekeza mibuni, wengine wakaing'oa na kupanda nyanya, kabichi na mboga nyingine za kuuza Moshi na Arusha. Mboga zilipopata soko kubwa, wanaume nao waliziona, na zamu za kiangazi zikagombaniwa zaidi, kwa kuwa nyanya haisubiri wiki kama mgomba. Mwaka 2011 mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu uliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha yake ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu wa dunia. Mradi ulioambatana na hatua hiyo ulihusu kukarabati mifongo, kuuza kahawa isiyotumia kemikali na kujaribu vanila na ufugaji wa samaki.