Sauti ya Mwanamke na Hifadhi Yake: Kutoka Mbiru ya Usangi hadi Albamu ya Kinanda

Wanafunzi wa fasihi simulizi huulizwa mara nyingi nani alisema, alisema nini na alisema mbele ya nani. Ni mara chache wanapoulizwa swali la nne: ni nani aliyeyahifadhi maneno hayo, na kwa lugha gani? Swali hili lina uzito wa pekee pale msemaji anapokuwa mwanamke. Mhadhara huu unalijadili kwa kulinganisha matukio mawili yasiyohusiana moja kwa moja: upinzani wa wanawake wa Usangi katika miaka ya 1940, na albamu ya Kinanda ya Stella Mwangi, msanii wa muziki wa kufokafoka, iliyotoka mwaka 2011.

Usangi ipo katika milima ya Upare ya Kaskazini, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Mwanga. Wakati wa utawala wa Waingereza, Upare wote ulikuwa wilaya moja na makao makuu yake yalikuwa Same. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1940 watawala walianzisha kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, nayo ikaitwa mbiru. Watu waliikataa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, wakisema kwamba wako tayari kulipa kodi ya kawaida lakini si mbiru. Nyumbani walibaki wanawake, wakiwa na mashamba, watoto na kazi ya kupeleka chakula kambini.

Mgogoro ulipozidi kurefuka, wanawake nao waliingia uwanjani. Inasimuliwa kwamba huko Usangi walimkabili ofisa wa wilaya na kumwekea masharti mawili: ama amalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1947.

Kauli ile ilikuwa zaidi ya tusi. Kwa upande wa sanaa ya usemi, ni kejeli iliyojengwa kwa ustadi: wasemaji wanakubali mantiki ya mtawala, kisha wanaivuta hadi inapomwaibisha yeye mwenyewe. Msikilizaji wa muziki wa kufokafoka angeitambua mbinu hiyo mara moja. Hata hivyo, kauli hiyo imewafikia wasomaji wengi kwa Kiingereza, kupitia maandishi ya maofisa na watafiti. Ilichobeba ni maana. Mpangilio wa maneno ya Chasu, mapigo yake, kiitikio kama kilikuwapo, na kicheko cha waliosimama kando, vyote haviwezi kusomwa katika muhtasari wa kiofisi.

Wakati huo mashine ya kuhifadhi sauti haikuwa ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1928, takriban miaka 17 kabla ya kambi ya Same, Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa leo anaweza kusikia matamshi ya Siti mwenyewe. Tofauti kati ya Siti na wanawake wa Usangi si ya kipaji. Mmoja alifikiwa na biashara ya santuri, na wengine walifikiwa na kalamu ya serikali.

Hapa ndipo albamu ya Kinanda inapostahili kutazamwa. Stella Mwangi alizaliwa Kenya mwaka 1986 na kuhamia Norwe na familia yake akiwa mtoto mdogo. Jina alilolichagua lina historia ndefu. Kinanda kilikuwa ala ya nyuzi katika ngoma na nyimbo za pwani; baadaye neno hilo likapewa ala ya kanisani, kisha mashine ya kuchezea santuri. Kwa hiyo jina la albamu linabeba pamoja ala inayopigwa na chombo kinachohifadhi.

Wimbo uliojulikana zaidi katika albamu hiyo, Haba Haba, ulishinda mashindano ya Norwe mwaka 2011 na kuipeleka lugha ya Kiswahili katika jukwaa la Eurovision mjini Düsseldorf, ingawa haukufika fainali. Msingi wake ni methali ya haba na haba, inayoelezwa kuwa funzo la bibi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maelezo imo katika Kiingereza, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama Kiswahili hapa kimekuwa pambo tu. Hoja hiyo ina nguvu. Inapata nguvu zaidi mtu akiwakumbuka Zay B na Sister P, waliosikika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao walijenga hoja na majibizano yenyewe kwa Kiswahili. Lakini mahali Kiswahili kilipowekwa katika Haba Haba pana maana: ndiyo lugha ya mzee anayefundisha, na ndiyo inayorudiwa na wasikilizaji. Zaidi ya hayo, uamuzi huo ulifanywa na msanii mwenyewe, na unaweza kuchunguzwa kwa sikio.

Kwa mantiki hiyo, albamu ya studio haina budi kupewa hadhi ya matini katika taaluma za Kiswahili: inukuliwe kwa uangalifu, pumzi na vituo vyake vihesabiwe, na matamshi yake yalinganishwe. Wajibu huo hauishii kwa wasanii waliokwisha kufika studio. Katika Usangi, Chasu kinaendelea kusemwa sambamba na Kiswahili, na kejeli za wanawake hazikuisha na mbiru. Mtafiti anayepanda milima hiyo akiwa na kinasa sauti anapaswa kuanza na sauti, kisha maandishi, na tafsiri iwe ya mwisho.