Uwanja wa Wilson Haukujengwa kwa Anasa

Ugomvi wa maghorofa yanayozidi kuusogelea Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kila unapozuka huja na hoja ileile: ndege ndogo ni mambo ya wenye nacho, na ardhi iliyo karibu hivyo na katikati ya jiji ingefaa kujengwa nyumba. Historia ya uwanja huo inaikataa hoja hiyo. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mlowezi aliyekuwa mjane, alianzisha Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black, kwa kuanzia na Gipsy Moth, ndege ya mbao na kitambaa, injini moja, viti viwili visivyo na paa. Ni kweli wateja wake walikuwa walowezi, maofisa na wawindaji, Mwafrika hakuhesabiwa. Lakini shirika la ndege la Imperial Airways lilipofungua njia ya Uingereza hadi Afrika Mashariki mwaka 1931, barua zilihitaji wa kuzisambaza, na ndege za Wilson zikazifikisha Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita vilipoanza 1939 serikali ilizichukua ndege pamoja na marubani, na shirika likafa. Uwanja ulipewa jina la mama huyo mwaka 1962.

Ushahidi mzito zaidi ni wa 1957. Madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walipiga hesabu iliyokuwa wazi: bingwa mmoja akienda kwa gari hospitali ya misheni ya mbali, siku nzima huishia barabarani, na masika njia haipitiki kabisa. Kwa ndege anatua asubuhi kwenye kiwanja cha nyasi, anapasua, anamfundisha daktari wa pale, anaondoka. McIndoe alikuwa amejipatia sifa Uingereza kwa kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua vitani. Sasa ndege ingemfikisha daktari kwa mfugaji aliyeungua motoni. Misheni zilipewa redio za kuitia msaada. Ndiyo asili ya AMREF, shirika la madaktari wanaosafiri kwa ndege, na hadi leo ndege zake za wagonjwa huruka kutoka Wilson.

Wanaoupinga uwanja watasema nauli ni kubwa. Ni kubwa, ila faida haiishii kwa anayeketi kwenye kiti. Kwa mfano, miraa hupoteza nguvu ndani ya siku chache tangu ichumwe. Bila ndege ya kuiwahisha Mogadishu, mkulima wa Meru hana soko hilo. Watasema pia ni hatari, na wataitaja Machi 2024, ndege ya mafunzo ilipogongana na ya abiria juu ya mbuga ya Nairobi na watu wawili wakafa. Ajali ile inadai anga isimamiwe vizuri zaidi. Haidai uwanja ufungwe. Na hatari nyingine tunaijenga wenyewe: Wilson uko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege iliyojaa hupanda polepole, kwa hiyo kila ghorofa linaloongezwa mkabala na njia ya kurukia linampunguzia rubani nafasi.

Wanaotaka uwanja uhamishwe waonyeshe kwanza kiwanja kipya kilichokamilika, chenye barabara inayomfikisha mgonjwa hospitali kwa haraka ileile. Hadi hapo, vibali vya maghorofa kandokando yake visitolewe.