Wa Kwanza Katika Usemi wa Wayurok

Methali yetu yasema, Kutangulia si kufika. Watu wa mataifa yote waweza kuielewa, lakini si wote wapimao utangulizi kwa kipimo kimoja. Sisi tusemao Kiswahili twaupima kwa mwili wa mwanadamu. Wajuzi wa lugha za Kibantu waonyesha ya kuwa neno "mbele" latoka katika shina la kale lenye maana ya titi, ndugu yake neno "kiwele", na ya kuwa "nyuma" ni mgongo. Basi mtu akigeuka, mbele yake nayo hugeuka pamoja naye. Katika makala hii twataka kuwaeleza waalimu wenzetu habari za taifa moja la Marekani ambalo kipimo chake hakigeuki pamoja na mtu, kwa kuwa kipimo hicho ni mto. Tena twataka kuonyesha jinsi watu hao walivyolifahamu jambo la kuwa wa kwanza, na yaliyowapata walipokuja wageni wasiolifahamu hivyo.

Wayurok wakaa California ya kaskazini, karibu na mahali mto Klamath uingiapo katika bahari ya Pasifiki, na kando ya mto huo kupanda hata Weitchpec na kupita kidogo. Jina la Yurok si lao wenyewe. Walipewa na jirani zao Wakaruk, na maana yake ni "chini ya mto". Na hilo la Karuk maana yake ni "juu ya mto". Majina ya mataifa mawili, basi, ni mielekeo miwili ya maji yale yale. Kwa asili ya lugha, jirani hawa si ndugu. Mwaka 1913 Edward Sapir alitoa hoja ya kuwa Kiyurok na Kiwiyot, lugha ya jirani zao wa kusini, ni ndugu wa lugha za Kialgonki zisemwazo mbali sana upande wa mashariki. Wengi walibisha, hata Mary Haas akaithibitisha mwaka 1958.

Katika Kiyurok, shina pul ni kufuata maji yashukavyo, na pech ni kuyapanda. Kisha kuna maneno ya kwenda ng'ambo, ya kupanda mlimani kuuacha mto, na ya kushuka kuufikia. Kwa maneno hayo Myurok hutaja njia, na kijiji, na hata pande za nyumba. A. L. Kroeber, aliyeanza kazi kati yao mwaka 1900, na T. T. Waterman, aliyetoa kitabu cha jiografia yao mwaka 1920, wote wawili walishuhudia ya kuwa watu hawa hawakuigawa dunia kwa mashariki na magharibi.

Hapo mfasiri asipoangalia atapotea. Mtu aondokaye Requa, karibu na mlango wa mto, akapanda, huelekea kusini-mashariki. Afikapo Weitchpec, mahali ambapo mto Trinity waungana na Klamath, mto wapinda, naye akiendelea kupanda huelekea kaskazini. Kwa dira amebadili njia. Kwa Kiyurok hakubadili neno, maana angali yuko katika njia moja tu, njia ya juu. Mwalimu akiandika "kusini" mahali pa pech, amesema kweli katika nusu ya safari na uwongo katika nusu ya pili. Jambo hili lisitushangaze sana. Sisi nasi twasema kaskazini na kusini, na maneno hayo ni ya pepo: upande uvumako kaskazi, na upande uvumako kusi. Baharia wa pwani alijielekeza kwa upepo uletao chombo. Mvuvi wa Klamath alijielekeza kwa maji yaletayo samaki.

Hatusemi ya kuwa Myurok hawezi kutaja aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Twasema ya kuwa katika nchi yake mambo makubwa hayapimwi hivyo. Hata hesabu yafuata utaratibu wa vitu vyenyewe. Neno la "moja" hubadilika umbo kwa kadiri ya kinachohesabiwa: watu wana umbo lao, wanyama lao, vitu vya mviringo lao, vitu virefu vilivyonyoka lao, na hivyo hivyo nyumba na mitumbwi. Msomaji azoeaye kusema mtu mmoja, kitu kimoja, jiwe moja, atalitambua jambo hili upesi kuliko Mzungu.

Sasa tuje kwa utangulizi wa wakati. Wayurok wasimulia ya kuwa kabla ya wanadamu nchi ilikaliwa na watu wengine, woge. Hao ndio waliokuwa wa kwanza. Walikaa katika vijiji vile vile, wakavua katika mto ule ule, nao ndio waliozianzisha desturi. Walipojua ya kuwa wanadamu waja, waliondoka: wengine wakavuka bahari, wengine wakapanda milimani, wengine wakageuka ndege, miti na miamba. Maneno ya ibada za Wayurok husimulia jinsi mmoja wa woge alivyopatwa na taabu fulani, na jinsi alivyoiondoa. Msemaji hatungi dua yake mwenyewe. Hufuata nyayo za aliyetangulia, na nguvu ya maneno yake yatoka huko.

Meli za Wahispania zilifika Trinidad, katika pwani ya Wayurok, mwezi wa Juni 1775. Jedediah Smith na watega wanyama wenzake walipita mwaka 1828. Lakini mwaka 1850 walikuja wachimba dhahabu kwa wingi, wakajenga mji pale Trinidad na kupanda mto. Nao weupe hao wakaitwa kwa jina la woge. Lucy Thompson, mwanamke Myurok wa ukoo wa heshima, alitoa kitabu chake mjini Eureka mwaka 1916, na ndani yake alieleza ya kuwa watu wake walidhani wale wa kwanza, walioondoka zamani, wamerudi kama walivyoahidi. Hata leo katika Kiyurok neno hilo lina maana zote mbili: mtu wa kale asiyekufa, na mtu mweupe. Twawaomba wasomaji watue hapa kidogo. Wageni waliokuja mwisho walipewa jina la waliokuwa mwanzo. Walipokewa kwa heshima ya waanzilishi wa sheria, nao hawakuijua sheria yenyewe. Katika miaka iliyofuata vijiji vilichomwa, watu waliuawa, na nchi ilichukuliwa.

Sheria ile twaweza kuiona vizuri katika habari za samoni. Samaki huyu huitwa nepuy, jina litokalo katika neno la kula, kana kwamba hakuna chakula kingine. Hutoka baharini kupanda mto, basi wakaao mlangoni hukutana naye kabla ya watu wote. Wangeweza kumvua wanavyotaka. Lakini kila mwaka samoni wa kwanza alikuwa na ibada yake katika kijiji cha Welkwau, pale mlangoni, na kabla ya ibada hiyo kwisha watu hawakuwa na ruhusa kula samoni aliyevuliwa hapo. Habari zake zilisimuliwa na Robert Spott, Myurok, katika kitabu alichokitoa pamoja na Kroeber mwaka 1942.

Huko juu zaidi, mahali paitwapo Kepel, watu walijenga uzio mkubwa wa miti kuukata mto wote. Kazi ya kujenga ilichukua siku kumi, na uvuvi siku kumi, kisha uzio ukabomolewa. Lucy Thompson aandika ya kuwa hata katika siku hizo milango yake ilifunguliwa usiku, samaki wapite kwenda kwa Wahupa na wengine wakaao juu. Basi kwao aliyekuwa wa kwanza hakuwa yule awezaye kuchukua vyote. Alikuwa yule apaswaye kungoja na kuacha sehemu ipite.

Waalimu na watu wa dini wana sehemu katika habari hizi, wala haifai kuificha. Mwaka 1887 msimamizi wa mambo ya Wahindi katika serikali ya Marekani aliamuru Kiingereza peke yake kifundishwe katika shule zao, na amri hiyo ilizihusu shule za misheni pia. Mwaka 1893 shule ya bweni ilifunguliwa Hoopa, mahali palipokuwa na boma la askari, na watoto wa Kiyurok walipelekwa huko na mbali zaidi. Walioadhibiwa kwa kusema lugha ya mama walipokuwa wazazi, wengi hawakuwafundisha watoto wao, ili wasipate adhabu kama yao. R. H. Robins wa chuo kikuu cha London, katika chuo kile kile kifundishacho Kiswahili, alifika kwa Wayurok mwaka 1951, akatoa sarufi yake mwaka 1958. Na wasemaji aliowakuta walikuwa wazee. Mwaka 2013 alifariki mzee aliyehesabiwa kuwa wa mwisho kati ya waliokisema vizuri tangu utotoni.

Hata hivyo lugha haikuzikwa pamoja naye. Wazee walikuwa wamekubali sauti zao zinaswe, nao Wayurok wenyewe, wakisaidiana na chuo kikuu cha California mjini Berkeley, walitengeneza kamusi na vitabu vya mafundisho. Kiyurok chafundishwa katika shule kadha za serikali za nchi yao. Watoto wa wale walionyamazishwa darasani hujifunza pul na pech darasani.

Mto nao ulikuwa umefungwa. Katika karne ya 20 mabwawa ya umeme yalijengwa huko juu, na samoni hawakuweza kupita. Mwezi wa Septemba 2002 makumi ya maelfu ya samoni walikufa katika nchi ya Wayurok, mtoni, kwa maji machache yenye joto na maradhi. Wayurok na jirani zao walidai kwa miaka mingi mabwawa yaondolewe, na kufikia mwaka 2024 mabwawa manne yalikwisha kubomolewa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo samoni walionekana katika kijito cha Oregon, juu ya mahali palipokuwa bwawa la mwisho, mara ya kwanza tangu mwaka 1912. Walikuwa wamepita Requa, na Kepel, na Weitchpec, na nchi ya Wakaruk, wote wakifuata neno moja: pech.