Injini ya rota katika mbio za magari

Injini ya rota, au ya Wankel (kutokana na Mjerumani Felix Wankel), haina pistoni wala vali: rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya chumba, ikivuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuuchoma na kutoa moshi. Ni nyepesi, ndogo, na huvumilia kasi kubwa ya mzunguko. Kasoro zake ni ulaji wa mafuta na kuchakaa kwa vizibo vya ncha za rota.

Upeo wake ulikuwa mbio za Le Mans, Ufaransa, Juni 1991. Mazda 787B ya madereva Weidler, Herbert na Gachot, yenye rota nne na nguvu-farasi zipatazo 700, ilishinda baada ya mizunguko 362. Ushindi wa kwanza wa Japani huko. Husemwa injini ya rota ilipigwa marufuku kwa sababu ya ushindi huo. Si kweli: kanuni za injini za pistoni za lita 3.5 zilikwisha kuamuliwa.

Katika rali, Mazda RX-7 ilishika nafasi ya 3 Acropolis, Ugiriki, mwaka 1985. Kwenye vumbi la rali za Morogoro, Tanzania, chini ya milima ya Uluguru, magari ya daraja la juu leo hutumia injini za pistoni za lita 1.6 zenye turbo. Kanuni haziiachii rota nafasi.